Nilifuta Uzito wa Nyumba za Mlimani

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisikilize kwanza, hukumu ifuate baadaye. Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kuchambua kwenye kompyuta majibu ya watu waliohojiwa majumbani, na mwaka jana ofisi yetu iliulizwa jambo moja tu, ni familia ngapi zinafika hospitali kubwa ya mjini ndani ya saa moja, ili ijulikane kama zahanati ya mlimani yenye wodi ya wazazi ina haja ya kuendelea.

Tulihoji nyumba elfu moja za mjini na mia mbili tu za mlimani, kwa sababu gari letu halipandi kule mvua ikinyesha, lakini mlimani ndiko waliko watu wengi, kwa hiyo kila nyumba ya mjini ilisimama badala ya nyumba arobaini na kila nyumba ya mlimani badala ya mia tatu, na hicho ndicho tunachokiita uzito. Nikaiambia programu izingatie uzito, ikanichorea mstari unaopanda kadiri dakika zinavyoongezeka, na ulipofika dakika ya sitini ulikuwa umekusanya familia nne tu kati ya kumi.

Bosi akasimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai. "Mbona mstari umelala hivi?" Nikamweleza. "Hayo mauzito yako yanatuvurugia. Hebu toa tuone." Mshauri, ni neno moja tu kwenye amri niliyoipa programu, nikalifuta, mstari ukaruka hadi nane kati ya kumi, akasema, "Sasa hiyo ndiyo ripoti," nami nilikuwa nasubiri barua ya ajira ya kudumu, nikaituma hivyo hivyo, barua nikaipata, zahanati ikafungwa.

Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki, ameolewa huko mlimani. Mwezi wa tatu mwaka huu uchungu ulimshika asubuhi, wakambeba kwa machela saa nne nzima, mtoto akafia njiani, wa kike. Nilipokwenda kumpa pole, wanawake walikuwa wanawalaani "hao waliotuhesabu", dada akawakatiza, "Jamani, mdogo wangu yuko ofisi hiyo hiyo, angekuwa na la kufanya angelifanya." Nilitoka nje nikashuka mlima bila kuaga. Mume wangu anasema, "Yameshapita hayo, utajichongea bure." Je, nimwambie dada, au nimwache aendelee kunipenda?

Mimi, Mfuta Uzito

*

Pole kwa msiba. Pole ya pili sina.

Ungekuwa umekosea hesabu, ningekufariji. Wewe uliliona jibu sahihi kwa macho yako ukalifuta kwa kidole chako, wala usijifiche nyuma ya bosi: yeye alisema, wewe ulibonyeza. Najua kazi hazipatikani, na najua mfanyakazi wa muda hata kukohoa anaomba ruhusa. Nakuelewa. Ila kuelewa kwangu hakufungui zahanati.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta swali moja, sikulipata. Umeuliza kama dada ataendelea kukupenda. Hukuuliza habari za mjamzito mwingine wa kule ambaye leo hii anahesabu wiki zake. Zahanati bado imefungwa, mama!

Kwa hiyo kesho ukiingia kazini, rudia amri ile, kwa uzito na bila uzito, uchapishe mistari yote miwili kwenye karatasi moja. Andika nani aliagiza na nani alitekeleza, jina lako litangulie. Peleka mwenyewe kwa waliosaini zahanati ifungwe, nakala kwa kamati ya afya ya mlimani, na usiondoke bila muhuri wa kupokelewa, maana karatasi zisizo na muhuri tunajua zinakoishia. Bosi atakuita msaliti. Huenda kazi ikaisha. Mumeo mwambie mapema, asije akasikia kwa watu.

Kisha panda mlimani siku hiyo hiyo. Usipige simu. Kaeni wawili tu, mwambie kwa maneno machache, na usimlilie, maana utamtwisha kazi ya kukubembeleza wakati aliyefiwa ni yeye. Msamaha usiuombe siku hiyo. Akikufukuza, ondoka. Akikaa miaka kumi bila kukutamkia neno, ni haki yake, na wewe usimtume shangazi wala jirani kwenda kukuombea.