Aliyewachukua Kuku Wangu

Kwa Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limepoa kiasi cha kukuruhusu kutembea bila kushika ukuta. Baba naye mfikishie shikamoo yake, umwambie sijasahau kumtafutia miwani. Mimi sijambo kabisa. Nimenenepa hata mkanda nimeutoboa tundu jipya.

Habari kubwa ni kwamba banda lina kuku tena, mia mbili, wekundu, wenye kelele kama wanafunzi wakati wa mapumziko. Wiki iliyopita walianza kutaga. Yai la kwanza lilikuwa dogo kama ndimu. Nililishika nikacheka peke yangu, mpaka jirani yangu fundi cherehani akachungulia kuuliza kama nina akili zangu timamu.

Mama, bei ya mayai imetuendesha mchakamchaka mwaka huu. Mafua ya ndege yalipoingia, mwenye duka wa mtaani kwetu aliyahamishia mayai kwenye kabati la kioo, karibu na manukato, akawa anauza moja moja. Mwoka keki alilalamika kwamba wateja wanamuuliza habari za kuku kabla hawajamsalimia. Sasa wafugaji tumerudi wote kwa pamoja, bei imeporomoka, na trei zinapangwa hadi mlangoni. Faida ni kiduchu, lakini nauza, na usingizi ninaupata.

Sasa kuna jambo sikukueleza sawasawa. Nilikuandikia kwamba daktari wa mifugo alikuja na wenzake waliovaa magwanda meupe, wakawachukua kuku wangu wote wakateketezwe kwa ajili ya mafua hayo. Sikukuambia kwamba sita niliwaficha bafuni. Walikuwa watagaji wangu bora, na niliona nikibaki na hao nitaweza kuanza upya. Nikafungua bomba ili maji yafunike sauti zao.

Kazi ilipokwisha, daktari akaomba mahali pa kunawa mikono. Nikamwambia bomba la bafuni limeharibika. Akasimama akisikiliza maji yanavyochuruzika, akanitazama, kisha akafungua mlango. Kuku sita walikuwa wamejipanga kwenye ukingo wa beseni, wanatutazama.

Hakunifokea. Alisema, “Hawa wakibaki, wiki ijayo ni kuku wa jirani yako. Baada ya hapo huenda ikawa wewe mwenyewe.” Akawabeba mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Alipovua miwani yake nje, macho yalikuwa mekundu. Nilidhani ni ile dawa waliyopulizia banda. Akaniambia banda langu lilikuwa la kumi na moja kwa wiki ile, na kwamba hajazoea.

Mama, bado nilimchukia. Alikuja kila wiki kukagua usafi wa banda, na kila mara aliona kona niliyoiruka. Siku moja alichoka kunielekeza, akachukua brashi akasugua mwenyewe, huku akinisimulia kuku wa utotoni kwao aliyekuwa akitaga ndani ya kiatu cha baba yake. Nikacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Karantini ikaisha, akanitilia sahihi karatasi za kununua kuku wapya. Wiki iliyofuata akaja tena, bila fomu wala kalamu. Nikamwandalia chai.

Najua uliniandikia kwamba mwanamke huyo akipita mlangoni kwako hutamwitikia hata hodi. Ndiyo maana nimeahirisha barua hii mara tatu. Mama, nimemwomba awe mke wangu, naye amekubali. Nilipomuuliza kwa nini alikawia kujibu, akasema alitaka kwanza kuhakikisha hakuna kuku bafuni.

Nakuombeni wewe na Baba mje mwezi ujao, ili twende kwao pamoja kwa heshima zote. Mayai ya keki ya harusi msiwe na wasiwasi nayo, yapo ya kumwaga. Ila mje na upole. Amewahi kuingia banda la kuku elfu tano wagonjwa bila kutetemeka, lakini ameniambia wewe anakuogopa. Nimemjibu kwamba hata mimi.

Wasalimie dada na shemeji, na wote wanaoniulizia hapo nyumbani.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kitindamimba wako