Kicheko Kwenye Kaseti Yetu ya Kwanza

Mjukuu wangu Benedikta,

Marahaba. Huku Mapera hatujambo. Kahawa iko kwenye vichanja, mama yako anaigeuza.

Umeuliza kama ukifute kile kicheko kwenye kaseti ya kwanza ya bendi yetu. Miaka ile ya soko huria maduka ya Mbinga yalijaa muziki mpya, sisi tukang'ang'ania rokenroli ya ujana wa baba zetu. Tulirekodi kwa redio kaseti, kando ya vichanja. Nilipotikisa miguu, msichana aliyekuwa akichambua kahawa alicheka mpaka akamwaga ungo mzima. Wenzangu walitaka turudie, lakini betri zilikuwa zimeisha. Mimi niliweka gitaa chini, tukaokota kahawa pamoja naye.

Ukitaka, futa gitaa langu. Bibi yako mwache acheke.

Babu yako