Vibao Ulivyopigilia Ndani ya Bati

Baba Nyanzobe,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini sijazoea kuianza siku bila kukusalimu.

Tangu tukuzike mvua haijatupa nafasi. Kahama nzima watu wanaanika mpunga na kuanua, wanaanika na kuanua. Mimi nina kikaushio chako nyuma ya nyumba. Asubuhi nawasha pumba chini ya ile njia ndefu ya bati, nafungua feni, hewa inapita ndani ikipata joto hadi kwenye mpunga.

Mdogo wako Maganga alikuja kunisaidia. Akaweka mkono pale hewa inapotokea, akasema, "Shemeji, hivi vibao alivyopigilia kaka humu ndani ya bati vinazuia upepo. Tuving'oe."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Tukaving'oa.

Hewa ikatoka kwa kasi kweli. Lakini mpunga wa jirani yetu Mama Shija ulishinda humo kutwa, ukatoka na unyevu wake, umeanza kunuka uvundo. Ndio chakula chao cha mwaka. Alinitazama tu.

Basi nikatoa kipima upepo chako. Ulinifundisha nisiamini namba ya kwanza, kwamba hewa iliyovurugika haitulii, nisome tena na tena. Nikashika, Maganga akasoma. Tukapima karibu na bati, tukapima katikati. Hewa ilikuwa inateleza katikati na kwenda zake ikiwa baridi, joto likabaki batini.

Tukapigilia vibao upya, tukapima. Namba zikarukaruka kama zamani. Kasi ikapungua, joto likapanda. Kumbe ulitaka hewa ijikwae. Ijikwae, igeuke, iguse bati la moto, ndipo iendelee.

Tukaurudisha mpunga wa Mama Shija humo. Kesho yake aliuma punje, ikavunjika vizuri kwenye jino. Akashukuru, "Wabeja," akajitwisha gunia lake. Maganga akaenda nyuma ya choo, akalia. Mimi sikulia. Nilikaa na kipima upepo mapajani. Zamani tulipima wawili, wewe ukizicheka namba zinapogoma kutulia, na mimi nakucheka wewe. Maganga hacheki. Anasoma tu.

Nimechoka, Baba Nyanzobe. Hata kulia naona ni kazi.

Wewe pumzika. Nakuahidi vibao havitang'olewa tena, na kila msimu nitapima. Kutochoka, hilo sikuahidi.

Mama Nyanzobe