Mto wa Saruji wa Igawa

Igawa, Machi

Kaka Lazaro,

Poleni na kazi huko Iringa. Huku mvua haijakatika tangu Jumatatu, hata blanketi langu linanuka uvundo.

Nyuma ya kambi yetu ya wajenzi wa daraja tulijenga mfano wa mto, mdogo, wa saruji, na juu yake daraja la mbao linalofika gotini, tukalijaribu kwa maji ya mapipa kabla ya kujenga daraja lenyewe mtoni. Mimi niliandika kasoro za mfano ule katika safu mbili: huku, pale mikono yetu ilipokosea ramani; kule, pale ramani ilipokosea mto. Nilijivunia sana daftari lile.

Siku moja Mama Zena, Msangu, mwenyeji wa bonde hili, anayetuuzia ugali na kambale, alisimama akautazama mto wetu. Akauliza, "Mbona huu hauleti magogo?" Tulicheka, mimi na bwana mhandisi. Sikuandika kitu.

Juzi asubuhi mafuriko yalileta magogo, yakajibana kwenye nguzo za daraja lenyewe, nalo likaondoka. Mume wa Mama Zena, kibarua wetu, alikuwa juu ya daraja, akikaza bolti.

Jana mwili ulipatikana, tukamzika. Mama Zena alinishika mkono akaniuliza kama nimekula. Afadhali angenitukana.

Leo nimechora safu ya tatu: mambo tuliyoambiwa tukacheka. Swali lake limekaa pale peke yake.

Msalimie mama, umwambie mimi ni mzima. Na watoto wakikuuliza jambo, kaka, usiwacheke.

Mdogo wako,
Yohana