Kikopo cha Dada Mzima

Tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, pamoja na shemeji. Mimi sijambo kwa kiasi, na nyumba iko vilevile ulivyoiacha baada ya kumzika mama. Miwani yake bado iko juu ya redio. Naipangusa kila Jumamosi, kisha nairudisha palepale, kana kwamba atakuja kuitafuta na kutulaumu tumeihamisha. Vipi tumbo? Niambie kweli, usinipe jibu la kumpa mgeni.

Ombi lako la kuwa jozi yako kwenye utafiti nililitimiza. Jumatatu iliyopita nilikwenda hospitali, nikamkuta yule muuguzi wa utafiti unayemwita Mama Vikopo. Ulisema kweli, hana haya hata chembe. Alinikabidhi kikopo chenye kijiko kwenye kifuniko, akanieleza namna ya kuchukua choo changu asubuhi kama mtu anayeeleza kupima sukari ya chai. Kesho yake, kabla ya kukirudisha hospitali, nilikipitisha kazini kwanza, kimefungwa ndani ya mfuko wa karatasi. Msimamizi wetu pale dobi akauliza kama nimemletea asali. Nikamwambia aache tamaa, akionja atajuta. Wenzangu kwenye meza za pasi walicheka bila kujua wanacheka nini.

Mama Vikopo alinieleza tena yale uliyokuwa ukinieleza kwenye simu, nami nikiitikia tu. Kwamba katika endometriosis, huo ugonjwa wako, nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota mahali pasipo pake. Na kwamba utumboni tuna bakteria wasiohesabika. Wanakula tunachokula, na wanavyovitoa huingia mwilini mwetu. Vingine hutuliza uvimbe, vingine huuchochea. Wapo hata wanaoirudisha kwenye damu homoni ya kike ambayo mwili ulikuwa unaitupa, na homoni hiyo ndiyo mbolea ya ile nyama. Kwa panya, alisema, wameona nyama hiyo ikipungua kwa dawa fulani ya kuua bakteria, na pia kwa kitu ambacho bakteria wema hutengeneza kutokana na nyuzinyuzi za vyakula kama maharage. Kwa binadamu bado wanatafuta. Akanionya nisikuandikie kwamba maharage ni dawa. Basi sijaandika.

Ndiyo maana wanataka dada wawili wa chungu kimoja, mmoja mgonjwa na mmoja mzima, waone bakteria wao wanatofautianaje. Akaniuliza kama nimewahi kukosa kazi kwa sababu ya hedhi. Nikasema sijawahi. Akaandika MZIMA kwenye kikopo, nami nikatia saini.

Chiriku, sijawahi kukosa kazi kwa sababu kazi yenyewe niliichagua kwa ajili hiyo. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye meza ya pasi, na siku zangu zikifika naegemeza tumbo kwenye ule ubao ukiwa wa moto. Wenzangu husema nimeolewa na meza. Nawaachia waseme.

Unakumbuka siku ulipoanguka kwenye chumba cha mtihani, wakakuleta nyumbani, mama akajaza chupa maji ya moto na kuivisha soksi ya baba? Mimi nilikuwa mlangoni, nami tumbo linanikata tangu alfajiri. Mama akageuka, uso umemshuka, akasema afadhali Mungu amempa mmoja mzima. Nikameza maneno yangu. Tangu hapo nikawa huyo mzima, na ili nisigundulike nikawa mkali kwako kuliko wote. Mimi ndiye niliyekuambia unadeka. Mimi ndiye niliyemwambia shemeji, uliposhindwa safari ile kwa maumivu, kwamba ndivyo ulivyozoea tangu utotoni. Nilijua maumivu unayoyasikia, na bado nilisema. Siku mbili kabla hajatutoka, mama alinishika mkono akasema mimi sikuwahi kumsumbua. Hata hapo sikumwambia.

Kikopo kilikaa kwenye friji yao siku mbili. Niliwawaza wanawake watakaoambiwa hivi ndivyo tumbo zima lilivyo, kumbe ni langu. Alhamisi nikarudi, nikasema yote. Mama Vikopo hakunigombeza. Alilikata lile neno kwa kalamu, akasema jozi yetu imevunjika, na huenda ile nafasi yako ya kuonwa na daktari bingwa kila mwezi, wanayowapa walio kwenye utafiti, ikaenda kwa dada wengine. Alitaka kukupigia simu. Nikamwomba aniachie niseme mwenyewe. Najua ulivyoisubiri nafasi hiyo. Kwanza nilikunyima kuaminiwa, sasa nimekukosesha na hili. Mimi mwenyewe amenipa tarehe ya kumwona daktari, Ijumaa ya wiki ijayo. Nitakwenda, ingawa naogopa.

Msalimie shemeji, umwambie siku ile mimi ndiye niliyedanganya. Sikuharakishi kunijibu. Ila siku zako zikifika, ukijaza chupa na kuivisha soksi ya baba, ambayo najua bado unayo, nikumbuke.

Dada yako,
wa meza ya pasi