Kadi ya Mama Auma

Alhamisi. Jua kali, vumbi la malori limeingia mpaka kwenye rafu. Mimi nimenuna tangu asubuhi.

Nina wivu. Nimeandika, basi.

Miaka kumi na miwili nimeingiza kila kitabu kwenye katalogi ya maktaba yetu hapa Busia: jina, mwandishi, mada, nambari ya rafu, hata kadi ya kila anayekiazima. Hakuna aliyewahi hata kusema ahsante. Nafula, mfanyakazi mpya, amekuja mwaka huu, amekaa na kompyuta wiki tatu, akaichimbua data ile ile niliyoiingiza kwa vidole vyangu, akaitoa ikiwa michoro ya rangi. Leo kikaoni bosi kamwita hazina. Mimi nikaambiwa niongeze viti.

Na kazi yake ni nzuri, hilo ndilo linaloniuma. Ameonyesha vitabu vinavyoazimwa, na pia mada ambazo watu wanazitafuta kwetu na kuzikosa.

Kisha akafika kwenye vitabu vya kilimo. Vinatoka sana, akasema, lakini karibu vyote kwa kadi moja, basi msomaji ni mmoja. Bosi akaamua papo hapo: mwaka ujao hatununui vitabu vya kilimo.

Mwenye kadi ni Mama Auma, muuza dagaa sokoni. Wanaosoma ni wanawake wa Kisoko, ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Hawana kitambulisho cha Kenya, kwa hiyo hawapati kadi, naye huwaazimia. Siku ya kwanza aliniambia wazi: "Madam, hizi vitabu ni za watu wa Kisoko. Wanasoma kikundi mzima, halafu mimi narudisha." Nikamruhusu kinyume cha sheria. Kwenye kompyuta sikuandika kitu.

Nafula angejuaje? Mimi nilijua, nikanyamaza, nikamtazama akikosea mbele ya watu.

Mungu anisamehe, niliona raha.

Jioni Mama Auma amerudisha kitabu cha kuku, akauliza kama cha nyuki kimefika, maana wenzake wameshachonga mizinga. Nikamjibu bado, macho chini.

Kesho nitasema. Nilitamani kusema mbele ya bosi, Nafula akiwepo, aone haya. Hapana. Nitamwita Nafula pembeni, nikiri kosa langu la kadi, asahihishe michoro yake mwenyewe. Bosi atamsifu tena, mimi nitakaripiwa, na Kisoko watapata kitabu chao cha nyuki.

Ni haki kabisa. Mbona basi nasaga meno?