Mchi Mmoja Ukumbini

Bruseli, Novemba, mwaka wa ishirini na saba tangu nitoke kijijini kwetu Wamaza, Kongo.

Mdogo wangu Asha,

Nakusalimu kutoka kwenye mvua ya baridi. Okestra ya hapa iliomba watu watume kwa simu sauti za nyumbani, kompyuta izipange, wapiga fidla wazifuate. Nikawapa ile uliyonitumia, ukitwanga sombe, majani yetu ya muhogo. Jana ukumbi mzima ulikusikia.

Mama Feza wa Kasongo, jirani yangu kitini, akaninong'oneza: "Baba, iko muchi moja tu. Ile ya kuitikia iko wapi?"

Kwetu hutwanga wawili, kwa zamu. Kwenye simu sikugundua. Nilitumaini mmoja wetu tulioondoka amerudi uani kukuitikia. Kompyuta ikajaza pengo kwa ngoma, watu wakashangilia.

Tia mawese mengi, mdogo wangu, ule ushibe. Mimi sitarudi.

Kaka yako Saidi